Aliye Kwenye Mashine Hasimami

Siku Josephat Kilonzo alipokataa kusimama mbele ya meneja, mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai mkononi. Niliona yote. Nayaandika kwa sababu barua iliyowekwa kwenye faili lake inataja jambo moja tu, kwamba hakusimama, na haisemi alikuwa ameshika nini.

Ilikuwa mwaka 2007, katika klabu ya kulenga shabaha iliyokuwa pembeni mwa Dubai, mahali ambapo majengo yalikoma na mchanga ukaanza. Wageni wetu walikuwa watalii na wafanyakazi wa makampuni walioletwa kujiburudisha. Walivaa vizuia masikio, wakapiga risasi ishirini au thelathini, wakapigwa picha, wakaenda zao. Mimi nilikaa mapokezi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, shahada ya ualimu wa Kiswahili na Historia, ndiyo maana wenzangu wakaniita Mwalimu. Josephat alikuwa fundi wa risasi.

Alizaliwa Mwala, Machakos. Aliingia jeshini akiwa na miaka kumi na tisa na kukaa huko miaka ishirini na miwili, mingi kati yake katika karakana ya silaha, akatoka akiwa sajini. Mwaka 2003 wakala alimleta Dubai awe mlinzi wa mnara mmoja kule Marina. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa nyuma ya meza ya marumaru na kusimama kila mtu alipopita. Siku moja alihesabu akakuta amesimama mara mia tatu na kumi na moja.

"Hata jeshini tunamsimamia mwenye cheo," aliniambia. "Pale nilikuwa namsimamia mpaka mbwa, Mwalimu, kwa sababu mbwa alikuwa ameshikwa na bwana wake."

Alipopata nafasi kwetu alifurahi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Chumba chake kilikuwa kidogo, nyuma ya uwanja wa kulengea, chenye kioo upande mmoja ili wageni wachungulie. Kazi yake ilikuwa hii. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba hubaki zima. Ganda hilo husafishwa, hurudishwa kipimo chake, hutiwa fataki mpya ya kuwashia baruti kitakoni, hutiwa baruti, kisha hufungwa kwa kichwa kipya. Klabu ilikuwa na kibali cha kufanya hivyo, nayo ilitegemea sana maganda hayo.

Alitumia mashine ya zamani iliyofanya kazi moja kwa kila mvuto wa mkono wake wa chuma. Alipanga maganda hamsini kwenye kibao chenye matundu, akayatia baruti yote, kisha akawasha tochi na kuinama juu ya kibao. Alitazama ndani ya kila ganda, moja baada ya jingine, kabla ya kufunga hata moja. Na kila sanduku lilipojaa, alichukua risasi sita za kwanza, akaenda uwanjani, akazipiga yeye mwenyewe. Hakuna mgeni aliyepewa risasi kabla ya hizo sita. Hiyo ilikuwa desturi ya chumba chake, na sisi sote tuliijua.

"Kama nimekosea," alisema, "nikosee kwenye mkono wangu."

Meneja wetu aliitwa Hashir. Alizaliwa Dubai kwa wazazi waliotoka Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha yeyote kati yetu. Alikitumia kututukania. Ni yeye aliyeleta sheria aliyoiita heshima ya klabu: sir, madam au mgeni akiingia chumba chochote, mtumishi asimame papo hapo, mikono nyuma. Mpishi alisimama. Mfagiaji alisimama. Mimi nilisimama huku simu ikilia. Sheikhan, msaidizi wa Josephat, kijana wa Mombasa mwenye mdomo mwepesi, alisimama haraka kuliko wote. "Mie nina springi makalioni," alikuwa akisema. "Nikisikia viatu vya Hashir, naruka mwenyewe."

Mwezi wa tano wageni waliongezeka. Hashir aliingia karakana ya Josephat na vitabu viwili vya picha za mashine.

"Chagua, Sajini. Nataka risasi mia tano kwa saa."

"Kwa saa, Sir?"

"Kwani umesikia kwa mwezi?"

Josephat alivichukua vitabu akakaa navyo wiki nzima. Alichora miduara nyuma ya kalenda. Nilipompelekea chai alinieleza, na nilivyoelewa mimi, mtu asiyejua bunduki, yeyote anaweza kuelewa. Mashine mpya ina sahani ya chuma ya duara, yenye matundu. Kila tundu lina ganda, na juu ya kila tundu kuna kifaa chake. Ukivuta mkono wa mashine mara moja, ganda la kwanza linatiwa fataki, la pili linatiwa baruti, na la mwisho linatoka likiwa risasi kamili. Kisha sahani inazunguka, kila ganda linasogea hatua moja mbele, unavuta tena. Kila mvuto unatoa risasi.

"Si ni vizuri?" nilimuuliza.

"Ni vizuri. Lakini macho yangu yatakaa wapi?"

Akachukua ganda tupu la bastola zetu za kipimo cha thelathini na nane akalisimamisha mezani. "Hili ni refu, na baruti yake ni kidogo, haifiki hata nusu. Ukiitia mara mbili, ganda linapokea tu, na kichwa kinakaa juu vizuri kabisa. Kwa nje huoni kitu. Atakayejua ni aliyeshika bastola, na atajua vidole vikiwa vimeshakwenda."

Katika vitabu vile zilifaa mashine mbili. Moja ilikuwa na matundu manne, na sahani yake ilizungushwa kwa mkono. Hashir aliipenda hiyo kwa kuwa rafiki yake wa Al Rigga angeweza kuileta kesho yake. Ya pili ilikuwa na matundu matano na ilijizungusha yenyewe. Josephat aliitaka hiyo. Alisema mkono wa mtu aliyechoka husahau kuzungusha sahani, na ukisahau, ganda lililokwisha kutiwa baruti linatiwa tena. Lakini zaidi ya hapo alilitaka lile tundu la tano. Hapo pangefungwa kijiti kinachoingia ndani ya kila ganda baada ya baruti kumiminwa. Baruti ikizidi au ikipungua, kengele inalia.

"Tundu la tano la nini?" Hashir alisema. "Manne hayakutoshi?"

"La tano ni la macho, Sir."

Wangebishana mpaka leo kama arbab mwenyewe, mzee Ghanim, asingepita siku ile. Ghanim alikuwa mwenye klabu. Alikuja mara moja kwa mwezi, na alikuwa mtu wa bunduki tangu ujana wake. Alimsikiliza Josephat kwa Kiingereza cha kubabaisha cha pande zote mbili, akashika ganda, akachungulia ndani. Kisha akamwambia Hashir, mbele yetu, "Khalas, basi. Mpe fundi anachotaka."

Hashir alitabasamu na kusema inshallah. Sheikhan aliniangalia akakaza macho. Tulijua kuna mtu atalipia tabasamu lile.

Mashine ilifika mwezi wa nane. Josephat alikataa kuifunga kwenye meza ya karakana, meza ya bati iliyotikisika ukiiegemea, kwa sababu baruti hupimwa kwa kumiminika, na kila mtikisiko hubadilisha kipimo. Alienda na Sheikhan hadi Al Ras, ambako godauni moja la zamani lilikuwa likibomolewa, wakanunua ubao wa sakafu mnene kama kitabu cha sheria. Wapagazi wawili waliwasukumia ubao huo kwenye mkokoteni hadi barabarani, ukinuka iliki na vumbi la miaka.

"Watu huja Dubai kununua dhahabu," Sheikhan alimwambia njiani. "Wewe, Sajini, wanunua ubao. Mkeo akikuuliza, utamwambia nini?"

"Nitamwambia hautikisiki. Tofauti na wewe."

Kuisimamisha mashine kulichukua siku tatu. Josephat alifunga kifaa kimoja, akapitisha ganda moja, akalipima, akalegeza skrubu kidogo, akapitisha jingine. Hakuruhusu maganda mawili kwenye sahani mpaka kila kifaa kilipokubali peke yake. Kipimo cha baruti alikijaribu mara nyingi mno. Aliimimina kwenye mizani, akaandika, akairudisha, mpaka namba zikaacha kuyumba. Alitegesha kijioo kidogo na taa ili aliyekaa aone ndani ya ganda bila kuinuka. Kengele aliijaribu kwa ganda lisilo na baruti, ikalia. Akaijaribu kwa ganda lenye baruti mara mbili, ikalia. Ganda hilo alilimwaga yeye mwenyewe akalipondaponda kwa nyundo.

Siku ya tatu jioni zilikuwapo risasi kumi. Hashir alizihesabu kwa kidole.

"Siku tatu, risasi kumi. Hata kuku ana bidii kukushinda."

"Kesho zitakuwa mia tano, Sir. Lakini nina ombi moja." Josephat alikuwa amesimama, mikono nyuma, kama ilivyotakiwa. "Mtu akiwa kwenye mashine hii, asisimame hata akiingia mtu. Amalize mvuto kwanza. Akiuacha mkono katikati ili asimame, akirudi hajui ameachia wapi. Atauvuta upya. Sahani huzunguka mvuto ukiisha tu, kwa hiyo haijazunguka. Ganda lile lile linatiwa baruti mara ya pili."

Hashir alicheka. "Kwa hiyo mie niingie na wageni, na wewe umenikalia kitako?"

"Si kukukalia, Sir. Ni sekunde mbili."

"Ulimwambia arbab unataka tundu la tano, ukapewa. Sasa wataka na kiti cha enzi. Hebu fanya kazi, bwana. Watu wote wanasimama, wewe una nini cha zaidi?"

Akatoka. Josephat alibaki akitazama mlango. Mshipa wa shingo yake ulikuwa umesimama, na mikono bado ilikuwa nyuma, kama imesahauliwa huko. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi, maana mimi pia nilikuwa nimesimama.

Tangu siku ile alifunga mlango kwa ndani alipofanya kazi. Hashir akigonga, alimaliza mvuto, akafungua, akasimama. Ilikuwa njia yake ya kutii bila kuua mtu. Ilifaa kwa wiki sita, na mashine ilifanya kazi kama ilivyoahidiwa. Kisha Hashir akachukua ufunguo.

Huku Wakristo tunasali Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko. Ijumaa moja ya mwezi wa kumi Josephat alikuwa kanisani, mimi pia, na Sheikhan alishika mashine baada ya swala ya mchana. Jumamosi asubuhi nilikuwa karakana Josephat alipofungua droo kutafuta kalamu akakuta betri. Aliishika kwa vidole viwili, akaitazama, akatazama kengele.

"Sheikhan. Nani ametoa betri ya kengele?"

"Sir mwenyewe. Jana alileta wageni. Kengele ikalia, bibi mmoja akashtuka, akauliza kama kuna bomu. Sir akaja akaitoa. Akasema yatia watu hofu."

"Ililia kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Sheikhan hakuwa na mzaha.

"Wallahi, Sajini, aliingia mara nne. Kila mara na kundi jipya. Nikisikia viatu, nasimama. Nilikwambia mie ni springi."

"Mkono ulikuwa wapi?"

"Mara nyingine juu, mara nyingine katikati. Sikumbuki."

"Na uliporudi kukaa?"

"Nikavuta tena."

Josephat alisogea hadi kwenye ndoo ya plastiki chini ya mashine. Ilikuwa na risasi mia sita, zote zinang'aa, zote zinafanana. Alizamisha mkono ndani yake kama anayetafuta kitu alichodondosha, akautoa mtupu.

"Tuzipime basi," Sheikhan alisema haraka. "Yenye baruti zaidi si itakuwa nzito?"

"Maganda haya yametoka viwanda kumi tofauti. Moja linazidi jingine uzito kuliko baruti yenyewe. Mizani itatudanganya." Akavuta kiti. "Lete nyundo ya kufungulia. Tunazifungua zote."

Hilo ndilo lililokuwa mezani asubuhi ile. Saa tano walikuwa wanakuja wageni arobaini wa kampuni moja, na risasi walizowekewa ni zile za kwenye ndoo. Mahali fulani humo, labda moja, labda nne, labda hakuna, ilikuwapo ya kuondoka na mkono wa mtu. Wangari, mwalimu wa shabaha, mwanamke wa Nyeri aliyewahi kuwa polisi, ndiye angesimama bega kwa bega na kila mgeni, uso wake ukiwa futi mbili kutoka kwenye bastola. Aliposikia, alikuja karakana akiwa bado ameshika vizuia masikio.

"Mzee, niambie ukweli. Ziko sawa ama haziko sawa?"

"Sijui, Wangari. Na kama sijui, haziko sawa."

"Basi mimi sizigusi. Wamtafute mwingine."

Nilikwenda kuchukua chai, kwa kuwa sikujua la kufanya lingine. Niliporudi na sinia, Hashir alikuwa amenitangulia mlangoni. Sheikhan aliruka juu, mikono nyuma. Wangari alikuwa amesimama tayari. Josephat alikuwa amekaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye nyundo ya kufungulia, wa kushoto umeshika kikombe cha baruti iliyokwisha kumwagwa, na mbele yake kulikuwa na vichwa vya risasi vilivyopangwa mstari. Alikuwa amefikia risasi ya tisini na tatu.

"Simama," alisema Hashir.

"Nina baruti mkononi, Sir."

"N'nakwambia simama."

Josephat aligonga nyundo yenye risasi ndani yake. Kichwa kikatoka. Alimwaga baruti kwenye mizani, akasoma, akaandika, akachukua nyingine.

"Nilisimama miaka miwili Marina," alisema bila kuinua macho. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nikasimama hapa miaka miwili mingine. Sijawahi kukuvunjia heshima. Nilikuomba sekunde mbili. Nikakuomba kengele. Umeniita kuku. Sasa kuna mtu anakuja hapa saa tano, ana mkono wenye vidole vitano alivyopewa na Mungu, na wewe unaniuliza kwa nini nimekaa?"

"Wageni wako njiani. Risasi hizo ziende uwanjani."

"Haziendi."

"Umesahau aliyekupa viza?"

"Viza ni yako. Kadi ya sanduku, ya kusema risasi ni salama, inataka sahihi yangu, na sitaitia."

Hashir akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliinama, akachota risasi sita kwenye ndoo, akazipanga juu ya ule ubao wa Al Ras.

"Vizuri," alisema kwa upole kabisa. "Si mna desturi yenu hapa? Aliyezijaza ndiye anayepiga sita za kwanza. Aliyezijaza ni nani? Sheikhan. Haya, Sheikhan, yalla. Chukua bastola, uwanja uko wazi. Ukimaliza sita salama, maneno yamekwisha."

Desturi ile Josephat aliitunga ili kosa lake lisimfikie mwingine. Na mtu huyu, aliyetoa betri kwa mkono wake na kuingia mara nne kwa miguu yake, aliigeuza imwelekee msaidizi. Niliona Sheikhan akinyoosha mkono. Alikuwa anakwenda! Alizoea kutii kiasi kwamba mkono wake ulitangulia kabla ya akili.

Josephat aliweka kiganja chake juu ya zile risasi sita, akakibamiza hadi ubao ukalia.

"Kaa chini, Sheikhan."

"Sajini..."

"Kaa!" Ilikuwa sauti ya gwaride, nadhani mpaka uwanjani waliisikia. "Huyu bwana akikuambia simama, unasimama. Akikuambia kufa, utakufa? Kaa chini, kijana. Kama kuna wa kuzipiga, ni aliyetoa betri. Sir, bastola ile pale. Zijaribu wewe."

Hashir aliitazama bastola iliyotundikwa ukutani. Wote tuliitazama. Wangari aliitoa, akaifungua kuonyesha haina kitu, akaiweka mezani kishikio kikimwelekea meneja, kwa adabu, kama anavyowakabidhi wageni.

"Karibu, Sir," alisema. "Vidole viwe mbali na mtutu."

Hashir hakuigusa. Jasho lilimtoka juu ya mdomo ingawa kipoza hewa kilikuwa kikivuma. Na hapo Sheikhan, yule wa springi, alivuta kiti polepole, akakaa. Alichukua nyundo ya pili, akachukua risasi, akagonga.

Hashir alisimama pale dakika nzima katikati ya watu wawili waliokaa. Kisha akaniambia, "Wewe, waambie wageni shabaha imeahirishwa mpaka alasiri. Wape chakula," akatoka.

Niliweka sinia chini nikaenda kuwadanganya wageni arobaini kuhusu matengenezo ya uwanja.

Waliipata ya kwanza kwenye risasi ya mia mbili na kumi na mbili. Josephat aliimwaga kwenye mizani, akasoma, akaimwaga upya, akasoma tena. Ilikuwa mara mbili kamili. Ya pili ilitoka karibu na mwisho, saa tisa kasoro. Aliziweka baruti zile katika vikaratasi viwili, akaviandika namba, akamwita Hashir. Hashir alikuja. Safari hii hakusema simama. Alitazama vikaratasi.

"Mbili tu," alisema. "Katika mia sita."

Sijawahi kumwona mtu akijizuia kumpiga mwingine kama nilivyomwona Josephat wakati ule. Aliingiza mikono mfukoni, yote miwili, akaikunja humo ndani.

"Nionyeshe, Sir," alisema, "ni wageni gani wawili katika hao arobaini ulikuwa hutaki mikono yao."

Habari ilimfikia arbab, sijui kwa njia gani, namshuku Wangari. Ghanim hakuja. Alipiga simu, na nilichosikia upande wa Hashir ni naam, naam, naam; aliloagizwa silijui. Jumatatu Josephat aliitwa ofisini, na mimi nikaitwa kuandika. Meneja alikuwa na uamuzi wa aina mbili, Josephat achague. Wa kwanza, Josephat afukuzwe, na mashine ibaki kwa Sheikhan chini ya sheria zile zile. Wa pili, Josephat akubali barua ya onyo kwa utovu wa heshima, aondoke karakana, apelekwe lango kuu kufungua kizuizi cha magari. Huko angesimama kwa kila gari.

"Mwanajeshi anajua lango," Hashir alisema, akitabasamu tabasamu lile la siku ya Ghanim.

Nilitaka Josephat amtupie barua usoni. Nilikuwa nimeshaona tukio lote kichwani: anainuka, anatema neno moja, anaondoka, na sote tunaondoka nyuma yake. Badala yake aliuliza, "Nikienda langoni, betri inarudi?"

"Betri gani?"

"Betri inarudi na haitoki. Na kwenye mlango wa karakana panabandikwa karatasi yenye muhuri wa klabu na sahihi yako. Aliye kwenye mashine hasimami, hata akiingia nani. Ukitia sahihi, nami natia."

Hashir alifikiri. Nadhani aliona amepata bei rahisi. Kumwona Sajini akisimama langoni kila asubuhi kulimpendeza kuliko kumwona akienda uwanja wa ndege. Akasema khalas.

Niliandika karatasi mbili. Ya onyo ilinichukua dakika tano na nilikosea mara tatu, kwa sababu vidole vyangu havikutaka. Ile ya mlangoni niliiandika kwa Kiswahili, Kiingereza na, kwa msaada wa karani wa hesabu, Kiarabu. Nilitumia herufi kubwa kadiri mashine ya kuchapa ilivyoweza. Josephat alizisoma zote mbili hadi mwisho, akatia sahihi moja, akamsukumia Hashir nyingine.

Kesho yake nilimfuata langoni na chai. Jua lilikuwa limeshapanda na kivuli cha kibanda hakikutosha mtu mmoja.

"Umeshinda, Sajini," nilimwambia. Nilikuwa kijana, na nilifikiri anahitaji kuambiwa hivyo.

Alinitazama kwa hasira kiasi kwamba nilirudi nyuma hatua moja.

"Usiniambie hivyo, binti yangu. Mimi ni fundi. Nina miaka ishirini na minne katika mikono hii. Mtu amenitoa kwenye kazi yangu kwa sababu niliifanya sawasawa, na amenileta hapa nimsimamie. Hali hii si ushindi. Sitaki kuizoea, na wewe usiizoee kwa niaba yangu."

Kisha, dirisha la karakana likiwa wazi, tukasikia kwa mbali kengele ikilia, mara moja, kali. Josephat aligeuza kichwa. Tulingoja. Mimi nilihesabu moyoni. Nadhani naye alihesabu. Ganda likitolewa, sahani ikiondolewa maganda yote, mashine ikianza upya, ingekuwa dakika mbili, labda tatu. Ilipokuwa karibu dakika ya tatu, ule mlio wa mkono wa mashine ulianza tena, polepole, bila haraka.

"Amemwaga sahani nzima," Josephat alisema. "Vizuri."

Gari jeupe la Hashir likatokea barabarani. Lilipokaribia lango lilipunguza mwendo mno, likatambaa, kama lilivyotambaa kila asubuhi baada ya hapo, ili mwenye gari apate kuona vizuri. Josephat aliweka kikombe chini kwenye mchanga. Akasimama, akainua kizuizi, akamtazama Hashir machoni kupitia kioo mpaka gari lilipopita lote.